Dizeli Iliyopotea



 Mwezi huu twawaletea habari ya kitu kidogo, pete ya mpira isiyopita upana wa kiganja, iliyomo katika trekta la shamba letu la misheni. Yamkini mmoja wenu atasema, "Mwalimu wa dini na trekta, wapi na wapi?" Twamwomba asome mpaka mwisho. Pete hiyo ilitupotezea mafuta mengi, tena ilitupotezea kitu kinachopita mafuta kwa thamani, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Wala maneno haya si ya wenye matrekta peke yao. Kila mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli ina machujio ya jamii hii, na vivyo hivyo mashua za mizigo zinazotoka Ujiji kwenda vijiji vya kusini. Mwenye kujifunza kwa moja ataelewa na nyingine.

Shamba letu li katika bonde la mto Luiche, kusini ya Ujiji, karibu na mahali mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Nchi ile ni tambarare, nayo hulimwa mpunga na mahindi. Trekta letu ni Massey Ferguson 135 la zamani, la jamii iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, na injini yake ni Perkins ya silinda tatu. Umri wake wapita miaka 50. Rangi yake nyekundu imefifia, na kiti chake kimeshonwa mara nyingi. Lakini likitunzwa hulima sawasawa na trekta jipya.

Ni vizuri kueleza kwanza kazi ya machujio, ambayo mafundi huyaita filta. Injini ya namna hii ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Haiwashi mafuta kwa cheche ya umeme kama injini ya petroli. Husonga hewa ndani ya silinda mpaka hewa ile inakuwa moto sana, kisha pampu husukuma dizeli kwa nguvu nyingi kupitia vitundu vyembamba vya nozeli, nayo ikikutana na hewa ile huwaka. Basi vitundu vile ni vyembamba mno, na vyuma vya pampu vimeshikana sana hata vumbi usiloliona kwa macho huvikwaruza. Kwa sababu hiyo dizeli sharti ipite katika chujio kabla ya kufika kwenye pampu. Na oili nayo, inayozunguka ndani ya injini ili chuma kisisuguane na chuma, ina chujio lake. Mwanzo magari hayakuwa na chujio la oili. Ni mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alipolitengeneza kwa ajili ya injini za motokaa. Kwa hiyo trekta letu lina machujio ya namna mbili, la dizeli na la oili, na yote mawili hufungwa kwa pete za mpira ili yasivuje.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mvua zikiwa karibu, Padre alitukabidhi daftari ya mafuta. Kila jioni tulitia kijiti katika tangi na kuandika kipimo, na kila asubuhi tukapima tena. Hata juma la kwanza halijaisha tukaona dizeli inapungua usiku, kama lita 2 kila usiku, na trekta limesimama chini ya mwembe, halijawashwa. Ninyi waalimu fanyeni hesabu: usiku 14 ni lita 28. Kwa shamba la maskini hilo si jambo dogo.

Trekta lilikuwa na msaidizi wa dereva, kijana wa miaka 19, mtoto wa mama mjane wa parokia yetu. Yeye ndiye aliyelala karibu na trekta, na yeye ndiye aliyeshika ufunguo. Basi moyo wetu ukaenda kwake moja kwa moja, kama maji yanavyoshuka bondeni. Hatukuuliza sana. Tulijua kwamba dizeli hununuliwa upesi na wenye mashua, tukaona kwamba tumekwisha fahamu yote.

Tukamwita barazani mbele ya wazee watano. Tukamwuliza, "Mwanetu, dizeli huenda wapi usiku?"

Akajibu, "Mwalimu, mimi sijui. Sikuchukua hata tone moja."

Nasi tukasema, "Tangi halina miguu."

Wazee wakacheka. Neno lile lilitupendeza siku ile, na leo linatuumiza kuliko maneno yote tuliyopata kusema. Kijana hakucheka wala hakulia. Aliweka ufunguo juu ya meza, akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaenda zake. Siku ya tatu tukasikia amekwenda Kibirizi kwa mjomba wake kuvua dagaa. Na mama yake, ambaye miaka yote hukaa safu ya tatu kanisani, Dominika ile alikaa karibu na mlango, na Misa ilipokwisha alitoka kabla ya sisi kufika nje.

Haya, mwivi amekwenda. Je, dizeli ilikoma kupungua? Usiku ule ule zilipungua lita 2. Usiku wa pili vivyo hivyo. Ndugu wasomaji, hapo ndipo ilipotupasa kuogopa. Walakini twaungama kwenu kwamba tulisema moyoni, "Labda hurudi usiku kwa siri." Ndivyo moyo wa mtu ulivyo: ukiisha kuhukumu hautafuti tena kweli, hutafuta sababu za kuitetea hukumu yake.

Mungu alitufungulia njia kwa kitu kingine. Trekta lilianza kutoa oili ubavuni. Sindano inayoonyesha nguvu ya oili ikashuka chini ya desturi yake, na vumbi likagandamana na oili kama ugali mweusi. Tuliogopa injini isije ikakwama na kuharibika, tukamwita mzee mmoja fundi wa Ujiji. Huyu ni Mwislamu mwenye kushika dini yake sana, na katika ujana wake alifanya kazi ya mashine katika vyombo vya ziwani. Alikuja na mfuko wa spana na kitambaa cheupe.

Kwanza hakushika spana. Aliomba maji ya moto, sabuni na brashi, akaosha ubavu wote wa injini mpaka chuma kikaonekana. Akasema, "Mwalimu, mgonjwa mchafu hapimwi." Kisha akafuta kavu kwa kitambaa, akachutama, akatulia. Mara tukaona tone la dizeli likining'inia chini ya chujio la dizeli, likaanguka. Likafuata la pili. Fundi akatoa saa yake akahesabu: lilianguka tone moja karibu kila sekunde. Akatazama juu kwenye tangi, akauliza, "Koki hii hamfungi usiku?" Tukajibu kwamba hatufungi. Akasema, "Tangi liko juu, chujio liko chini. Trekta hulala, lakini dizeli hailali."

Jioni akaweka beseni safi chini ya chujio. Asubuhi tukapima yaliyomo: lita 2 na kidogo zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Matone kama 20 hufanya mililita moja, na usiku wa saa 12 una sekunde 43,200. Gawanyeni wenyewe. Dizeli ilikuwa ikishuka juu ya uchafu ule wa oili, ikachuruzika mpaka mchangani, na mchanga wa pwani hunywa kila kitu wala hausemi. Unyevu tuliuona siku nyingi, tukasema, "Trekta ni zee, hutoka jasho tu."

Fundi akafungua chujio la oili. Hili ni kikombe cha chuma kinachoshikwa kwa bolti moja ndefu katikati, na mdomo wa kikombe hukaa katika mfereji wa mviringo uliomo katika kichwa cha chujio. Ndani ya mfereji ule ndimo inamokaa pete ya mpira. Akaingiza kijiti kilichochongwa, akatoa pete. Akaingiza tena, akatoa pete ya pili, ngumu, nyeusi, imegandamana na chuma kama sehemu yake. Akafungua na chujio la dizeli, na huko vivyo hivyo: pete mpya juu ya pete ya zamani. Akaziweka zote katika kiganja chake akasema, "Aliyefanya huku ndiye aliyefanya kule. Ametia mpya, lakini ya kale hakuitoa. Pete mbili katika mfereji mmoja hazikai sawa. Mdomo wa kikombe haushiki."

Akauliza, "Ni nani aliyebadilisha machujio haya?"

Hatukujibu upesi. Tulikwenda kuchukua daftari ya trekta, tukafunua ukurasa wa mwaka uliotangulia, na hapo palikuwa na maandiko tuliyoyatambua sana, maana ni ya mkono wetu: "Machujio ya oili na dizeli yamebadilishwa. Kazi imefanywa na Mwalimu." Mwaka ule tulitaka kuokoa fedha ya fundi, tukafanya wenyewe, tukajisifu.

Fundi alisoma, akafunga daftari polepole, akaturudishia. Hakusema neno. Twamshukuru kwa heshima ile.

Sasa tuwaeleze jinsi alivyotufundisha kufanya kazi hii, ili ninyi msipotewe kama sisi.

Kwa chujio la oili, washeni injini kidogo mpaka oili ipate moto, kisha izimeni. Oili yenye moto hushuka vizuri pamoja na uchafu wake. Wekeni chombo chini, mfungue bolti ya kumwagia, muache imalizike. Osheni nje ya chujio kabla ya kulifungua, ili mchanga usiingie ndani. Legezeni bolti ya katikati huku mkishika kikombe kwa mkono wa pili, kwa kuwa kimejaa oili. Ndani mtakuta chujio lenyewe la karatasi, springi na vipande vidogo vya kuzibia. Vipangeni juu ya kitambaa kwa taratibu mlivyovitoa, maana kimoja kikisahauliwa oili itapita kando bila kuchujwa. Osheni kikombe kwa dizeli safi.

Kisha fanyeni lile tusilolifanya sisi. Toeni pete ya kale katika mfereji kwa kijiti, si kwa bisibisi, ili chuma kisikwaruzwe. Msiamini macho, kwa sababu pete iliyozeeka hufanana na chuma. Pitisheni kidole katika mfereji wote, mzunguko mzima. Kidole hakidanganyiki upesi kama jicho. Futeni mfereji, pakeni pete mpya oili safi, iingizeni pole pole, mkiibonyeza hapa na upande wa pili, kisha katikati, isije ikavutika upande mmoja. Rudisheni chujio jipya na kikombe, kazeni bolti kwa kiasi. Mtu mwenye kukaza kwa nguvu zake zote hupasua pete, kisha husema pete ni mbaya. Jazeni oili mpya, washeni injini, tazameni sindano ikipanda, tazameni na ubavu wa chujio. Zimeni, ngojeni kidogo, mpime oili tena, kwa kuwa chujio jipya limekunywa sehemu.

Kwa chujio la dizeli, fungeni koki ya tangi kwanza. Osheni nje. Legezeni bolti iliyo juu katikati, na chujio litatoka pamoja na kikombe cha chini. Katika kikombe kile mtaona maji na takataka, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli, nayo hutulia chini. Mwageni, mkifute. Hapa pete ni zaidi ya moja: kubwa ya juu, kubwa ya chini, na ndogo ya bolti ya katikati. Badilisheni zote, na kila moja itoke ya kale kabla ya mpya kuingia.

Tena chujio la dizeli likifunguliwa huingiza hewa, na injini yenye hewa katika mafuta haiwaki. Mafundi husema imevuta upepo. Fungueni koki, legezeni skrubu ndogo iliyo juu ya chujio, halafu pigeni kwa mkono ule wenzo wa pampu ndogo iliyo ubavuni. Kwanza itatoka povu. Endeleeni mpaka dizeli itoke safi bila povu, ndipo mfunge skrubu. Fanyeni vivyo hivyo katika skrubu za pampu kubwa. Ikiwa bado haiwaki, legezeni kidogo mabomba kwenye nozeli, mtu mmoja azungushe injini kwa stata mpaka dizeli itoke, kisha mkaze. Msikaribie dizeli inayotoka kwa nguvu ya pampu, maana yaweza kupenya ngozi.

Oili chafu msiimwage ziwani wala mtoni. Watu wa Ujiji na Kigoma hula samaki wa ziwa hili na kunywa maji yake.

Tulipokuwa tukingoja oili ishuke, fundi alitupigia hadithi ya meli ambayo kila mtu wa Kigoma aijua. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Iliingia majini mwaka 1915. Vita ilipowashinda, mwezi wa Julai mwaka 1916, mafundi wake waliamriwa kuizamisha. Lakini kwanza walipaka mashine zote grisi nene, ndipo wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mashine zile, baada ya kukaa majini miaka mingi, zilionekana bado zafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa letu, na mashine zake za mvuke zilifanya kazi mpaka zilipobadilishwa kwa dizeli katika miaka ya 1970. Fundi akasema, "Wale walikuwa wanaharibu, lakini waliharibu kwa uangalifu kuliko wengine wanavyotengeneza."

Na kwenye reli hiyo hiyo, huko Urambo, palikuwa na habari ya kinyume. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta mengi ya kulima karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mengi yalikuwa mabaki ya vita. Yaliharibika upesi, vipuri na mafundi vikapungua, na mwaka 1951 kazi ile ikaachwa kwa hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Fedha nyingi haikuweza kushika mahali pa utunzaji.

Sasa tumalize deni letu. Tulimshitaki kijana mbele ya watu, basi kumwomba radhi faraghani kusingetosha. Amri ya nane tumeifundisha miaka zaidi ya ishirini, nasi tuliivunja mbele ya wazee watano, tukawachekesha. Tulikwenda kwanza kwa mama yake. Tulisimama mlangoni, tukamwambia yote, tukampa zile pete mkononi azitazame. Alizigeuza-geuza, akasema, "Mwalimu, kwa vitu hivi mwanangu aliitwa mwivi?" Hatukuwa na jibu.

Kisha tukawakusanya wazee wale wale, na kijana akaja kutoka Kibirizi kwa ombi la Padre. Tukasoma ukurasa wa daftari kwa sauti. Tukasema, "Tangi halikuwa na miguu, bali lilikuwa na tundu, na tundu tulilitia sisi." Safari hii hapana aliyecheka. Padre alimlipa ujira wa siku zote alizokosa, nasi tukautoa katika mshahara wetu.

Kijana akasema, "Mwalimu, nimekusamehe. Lakini ufunguo sitaushika tena." Akarudi kwenye dagaa zake. Tulitaka habari hii iishe kwa kurudi kwake shambani, lakini haikuisha hivyo, nasi hatutawadanganya. Oili iliyomwagika hununuliwa nyingine dukani, lakini jina la mtu likimwagwa barazani, hata mwenye kulimwaga akilia haliokoti lote. Mama yake amerudi safu ya tatu. Hilo twamshukuru Mungu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 9, Bwana wetu anasema habari ya kiraka kipya juu ya nguo kuukuu, na ya divai mpya na viriba. Tuliifundisha sura ile mara nyingi tukiwaelekezea wengine, wale wanaopokea ubatizo juu ya desturi za zamani. Sasa twaiona ndani yetu. Nasi pia tulipokea mpya, na chini yake tukaacha ya kale: kiburi cha mwalimu, na upesi wa kumdhania maskini mabaya. Kwa nje zote mbili zaonekana kama pete moja. Sharti kidole kipite katika mfereji wote.

Basi, ninyi wazazi, kitu kikipotea nyumbani, kabla ya kumwita mtoto wa watu mwivi, oshani kwanza chombo, futeni kavu, mkatazame tone linatoka wapi. Nanyi waalimu wenzetu, fungeni koki usiku.